Kivuli Kilichogoma Kurefuka

Kuku ndio waliomnyima raha Mwajabu kuliko binadamu. Binadamu wa Mseko waliridhika na maelezo mengi mwaka ule, kwa sababu walikuwa wamechoka, na kwa sababu ngano ilikuwa imesimama vizuri bondeni kwa mara ya kwanza tangu milima ya moto itapike majivu na kuziba mbingu. Lakini kuku huwaambii kitu. Kila jioni aliposhuka kutoka kituoni kilimani aliwakuta wanahangaika mlangoni mwa banda lao, wakiingia na kutoka, wakipinda shingo kutazama juu kwa jicho moja. Miili yao iliwaambia usiku umeingia, macho yakawaambia bado mchana. Jogoo alikwishakata tamaa. Alikuwa amelala wima katikati ya uwanja, mguu mmoja juu, kwenye mwanga mweupe.

"Huyo naye anazeeka vibaya," alisema baba yake. "Mwache, tunafanana."

Mzee Swalehe alikuwa ameketi barazani mwa Msikiti wa Chini, uliotazamana na nyumba yao. Alikuwa mwadhini wa msikiti ule tangu Mwajabu hajazaliwa. Mtu mwembamba, mbishi, mwenye utani na kila mtu, na mwenye ugonjwa wa sukari ambao haukuwa na utani naye hata kidogo. Mikono yake alikuwa ameikalia. Mwajabu alijua kwa nini. Ilikuwa inatetemeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Utando unasemaje leo?"

"Ni ule ule, baba."

Hivyo ndivyo watu walivyoijua kazi yake, kwamba kule kilimani wanapima utando, ule ukungu wa majivu uliotanda juu ya nchi na kuligeuza jua kuwa doa jeupe lisilo na umbo. Haikuwa uongo mtupu. Utando waliupima pia.

Upande wa magharibi, juu kidogo ya vilima, doa lilikuwa linawaka. Saa ya ukutani msikitini ilionyesha kwamba saa kumi na mbili bado iko mbali. Kama saa zote za bonde, ilipokea majira yake kutoka Saa Kuu iliyokuwa mjini, na hakuna aliyewahi kuibishia. Hesabu yetu ya saa haina mambo mengi: mwanga ukichomoza ni kumi na mbili, ukizama ni kumi na mbili. Saa na mwanga vikisema kitu kimoja, nani ataanza kuuliza maswali?

Pale uwanjani ni Mwajabu peke yake aliyejua kwamba jua limekwisha zama. Lilizama akiwa kazini. Kilichokuwa kinawaka magharibi kilikuwa Kioo, karatasi ya bati jepesi iliyokuwa pana kuliko mkoa, imetundikwa mbali juu ya dunia mahali pamoja, ikirudisha bondeni mwanga wa jua lililokwisha kwenda kwa watu wengine. Yeye ndiye aliyekifungua. Na kabla ya kushuka mlimani alikuwa amejifungia nyuma ya mtambo, akanywa maji na kula tende, kwa sababu magharibi ilikuwa imeingia naye alijua. Alifanya hivyo kila siku ya mwezi huu wa Ramadhani. Kisha alirudi nyumbani na kukaa na baba yake kungoja futari ya pili kama mtu aliyefunga.

Alitoa kipimo kwenye mkoba, akamchoma baba yake kidole, akatazama namba. Sukari ilikuwa chini sana.

"Baba, kunywa kitu."

"Kabla ya magharibi?"

"Wewe mgonjwa. Dini yenyewe imekuruhusu."

"Imeniruhusu nisifunge," alisema mzee. "Haikusema niwaambie wenzangu wafungue huku mimi nimeshiba tangu mchana. Nitawaitaje? Kwa mdomo upi?"

Mzee Ngoda, rafiki yake wa utani, alikuwa anapita na kata ya maji ya udhu. "Swalehe!" alipaza sauti. "Hilo jua lako leo limekwama kwenye tope?"

"Kalisukume basi, wewe ndiye mwenye nguvu."

"Nguvu za nani? Saumu ya mwaka huu inanimaliza. Zamani tulikuwa tunafunga huku tunalima, leo nimekaa tu na magoti hayanitaki."

"Uzee huo, Ngoda. Usiisingizie saumu."

Walicheka wote wawili kwa midomo mikavu. Mwajabu alijitia kukunja utepe wa kipimo ili asionekane uso. Hawa wazee hawakuwa wamezeeka kwa ghafla. Walikuwa wanafunga mchana uliorefushwa na kulala usiku uliokatwa, na aliyewafanyia hivyo alikuwa anawashikia kidole na kuwapima sukari.

Mwanga ulipofifia hatimaye, mzee Swalehe aliinuka kwa kushika nguzo. Adhana yake ilianza vizuri. Katikati sauti ilikatika, kimya kikapita, watu barazani wakatazamana na tende mikononi. Kisha ikaendelea, nyembamba, mpaka mwisho. Alipotoka alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto anayefundishwa kunywa, na bado nusu ya uji ulimwagikia kanzu.

*

"Ngano haijui Ramadhani," alisema Mhandisi Kaijage.

Alikuwa mkuu wa kituo, mtu mpole aliyekula mezani pake na kulala karibu na meza yake. Nyuma yake skrini ilionyesha dunia kama inavyoonekana kutoka kwenye Kioo, na ukingo wa mchana ukisogea juu yake taratibu. Mchana ule Mwajabu alikuwa amemwomba jambo moja tu. Afunge Kioo jua linapozama, mpaka Idi.

"Punje ndiyo kwanza zinajaa," aliendelea Kaijage. "Chini ya utando huu mwanga wa jua hautoshi kuzijaza. Tukizipunguzia mwanga sasa tutavuna makapi. Unajua hilo kuliko mimi."

"Basi tuwaambie. Waendelee kupata mwanga, lakini wajue."

"Kama tulivyowaambia watu wa Isele?"

Isele lilikuwa bonde la kwanza kuwekewa Kioo. Kule walisema ukweli wote. Gari lilipita na vipaza sauti likieleza kwamba mwanga wa jioni si wa jua na kwamba hauna madhara. Usiku haukuingia, watu wakatazama juu, wakaanza kukimbia. Wengine walisema Kiyama. Wengine walisema serikali imelichoma jua. Ndani ya wiki chache Isele hapakuwa na mtu shambani, na njaa ilipokuja haikuuliza nani alikimbia na nani alibaki. Mwajabu alikuwa mmoja wa waliotumwa kugawa unga, unga uliochelewa. Alizika watoto ambao hakuwajua hata majina. Ndiyo maana alipoletwa Mseko, kwao, na kuambiwa kwamba safari hii Kioo kitafunguliwa kimya kimya, kikiwashwa jua linapopita mahali kilipo, ili watu waendelee kuona doa moja tu, na Saa Kuu itavuta saa za jioni na kuzibana za usiku, hakubisha. Aliapa kutunza siri kwa moyo mmoja.

Hakufikiria baba yake wakati ule. Au alimfikiria akiwa ameshiba, si akiwa mwadhini.

"Baba anaweza kufa," alisema.

"Mpeleke hospitali. Nitampigia daktari mwenyewe. Atalazwa, atapewa dripu, hawezi kufunga huku amelazwa. Mwezi ukiisha anarudi nyumbani mzima."

"Na adhana?"

"Kuna vipaza sauti vinavyoadhini vyenyewe, Mwajabu."

"Kwa saa gani?"

Kaijage alisugua macho. "Nina mama pale mjini," alisema. "Anasali rozari yake jioni jua likizama. Kila siku namsikia kwenye simu, anasali jua likiwa limezama zamani. Usidhani mimi silali kwa sababu ya kazi." Alisogeza kikombe chake cha kahawa upande huu, akakirudisha upande ule. "Mpeleke hospitali. Nakuomba."

Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Mwajabu aliteremka mlimani mapema, Kioo kikiwa mikononi mwa mwenzake wa zamu, akiupangapanga moyoni. Mwili wa baba ungepona, siri ingepona, ngano ingepona. Alitafuta pa kuulaumu ushauri ule asipate, na bado ulimkera njia nzima kama kijiwe kwenye kiatu. Alipovuka mfereji alisikia ng'ombe wa kina Zuhura, jirani yao, wanalia getini. Walikuwa wamejirudisha wenyewe kutoka malishoni, viwele vimejaa, na hapakuwa na mtu wa kuwafungulia, kwa kuwa kwa saa ya watu muda wa kukamua ulikuwa haujafika.

*

Alimkuta baba yake uani, ameegemea ukuta, fimbo yake miguuni. Alimsalimia, akaketi kando yake kwenye mkeka.

"Baba, kesho nakupeleka hospitali."

"Sawa. Mpaka saa ngapi?"

"Ukalazwe."

"Aa." Mzee alitabasamu bila kufungua macho. "Na nani ataadhini?"

"Kuna vipaza sauti vinavyojiadhinia."

"Najua, vimejaa mjini. Mimi sivikatai. Ila kipaza sauti kikikosea wakati, nani ataulizwa siku ya siku? Waya?" Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha nguvu. "Mwajabu, watu hawa wanaweka tende mdomoni kwa sababu wamesikia sauti yangu. Hawatazami juu. Hawatazami hata saa. Ndiyo amana niliyopewa, sina nyingine. Shamba langu unalijua lilivyo."

Hapo ndipo kitu kilipomkatika Mwajabu. Hasira ilimpanda, na haikuwa hasira ya kumkasirikia mzee.

"Unawaita wakati sio," alisema.

"Nani?"

"Wewe, baba. Kila siku. Jua linazama, halafu unakaa na njaa yako muda mrefu kwenye mwanga ambao si wa jua, ndipo unawaita." Maneno yalimtoka yote, Kioo, Saa Kuu, Isele, kituo. Aliyasema akitazama mkeka.

Mzee Swalehe alifungua macho. Alitazama doa jeupe juu ya vilima, akamtazama binti yake, akarudi kwenye doa.

"Sukari ni yangu," alisema taratibu, "wewe ndiye unayeweweseka. Jua lile pale."

"Lile si jua."

"Nitajuaje?"

Mwajabu alichukua ile fimbo, akaitafutia shimo la mwimo wa zamani wa banda la kuku, akaisimamisha. Kivuli chake kilianguka kuelekea mashariki, chepesi kwa sababu ya utando, lakini kilionekana. Aliokota kokoto na kuiweka pale kilipoishia.

"Babu yako alikufundisha kuijua alasiri kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa kivuli. Kivuli cha mtu kikishafika urefu wake, ukiongeza kile kilichobaki jua likiwa utosini." Mzee alianza kuelewa anapelekwa wapi, uso wake ukabadilika. "Na kikitoka hapo kinarefuka mbio. Jua likikaribia kuzama unaweza kukiona kinakwenda kwa macho yako."

"Tutazame basi."

Walitazama. Kuku walikuja kukizunguka kile kivuli, wakaondoka. Zuhura alisikika akimgombeza mtu kuhusu maziwa. Mzee Swalehe alijiburuza mpaka karibu, akainama juu ya ile kokoto kama fundi saa. Mara moja alinyoosha kidole kugusa ncha ya kivuli, akakirudisha upesi. Muda ulikwenda. Miguu ya Mwajabu ilikufa ganzi. Kivuli kilikuwa kwenye kokoto, na kiliendelea kuwa kwenye kokoto.

"Kimegoma," alisema mzee hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ngano ilipoanza kutoa masuke. Kabla ya mwezi kuandama."

"Ramadhani nzima?"

"Nzima."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia kama aliyesahau kuacha. Kisha akauliza swali ambalo Mwajabu alilijua litakuja tangu alipofungua mdomo.

"Na wewe, mwanangu, ulikuwa unafungua saa ngapi?"

Mwajabu aliinamia kokoto. Baba yake alimtazama mpaka akaelewa. Alimpangusa tu vumbi begani, kitu ambacho hakukifanya tangu alipokuwa msichana wa shule. Ingekuwa nafuu angempiga.

"Sasa hivi," alisema mzee, "jua la kweli liko wapi?"

Mkononi Mwajabu alivaa kipima majira cha kituo, kimegeuzwa uso kwa ndani ili mtu asikione. Alikigeuza. "Linazama, kule nyuma ya vilima," alisema. "Sasa hivi, baba. Ndiyo linazama."

Mzee Swalehe aling'oa fimbo yake na kuanza kuinuka.

"Baba, ngoja. Watu wakijua watakimbia kama kule. Mimi nilizika—"

"Sijakwambia useme." Alikuwa amekwisha simama, anayumba, kofia imekaa upande. "Hayo ya kusema na kutosema ni kazi yako, mimi siyajui. Yangu ni kuadhini likizama."

*

Adhana ya magharibi iliingia Mseko kweupe.

Mwanzoni watu hawakuisikia, kama mtu asivyosikia jina lake likiitwa mahali asipotegemea. Kisha milango ikafunguka. Wanawake walitoka na miiko mikononi, vijana waliteremka kutoka kwenye tuta la mfereji, na ilipofika mwisho uwanja wa Msikiti wa Chini ulikuwa umejaa watu wanaotazama juu kulihakikisha doa, wakimtazama mzee, wakilitazama tena. Sauti safari hii haikukatika.

Mzee Swalehe alitoka barazani. Kikombe chake cha uji kilikuwa pale kikingoja wakati wake. Alikaa chini, akasema bismillahi ili wasikie, akanywa.

Mtu alipiga yowe. "Mwadhini anakula mchana!"

"Sukari imempanda kichwani," alisema mwingine kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko yowe. "Masikini. Nani yupo nyumbani kwake?"

Ustadhi Mrisho, imamu, alipasua njia katikati ya watu. Alikuwa kijana mbele ya mzee Swalehe, mtu wa heshima. Alichuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu," alisema, "nani amekwambia jua limezama?"

Mwajabu alikuwa amesimama nyuma ya Zuhura, mgongo ukutani. Alisubiri jina lake.

"Nimeona mwenyewe," alijibu baba yake. "Kwa kivuli."

"Kivuli?" Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa njaa. Mzee Ngoda peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama rafiki yake huku machozi yakimlengalenga, na alijaribu utani akashindwa. "Swalehe," alisema, "si ungenisubiri tuwehuke wote?"

Ustadhi Mrisho alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, jua lile pale, linatutazama wote. Hatukulaumu. Umetuita miaka mingi. Lakini saumu za watu si za kuchezea. Kuanzia leo pumzika. Tutatafuta mwingine."

"Haya," alisema mzee Swalehe. Hakubisha. Yeye, mbishi wa bonde zima, aliiweka kofia yake sawa, akakitazama kikombe, na katika kutazama huko kote hakumtazama binti yake hata mara moja. Alimlinda mpaka kwa macho.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa Mwajabu. Kaijage. Bila shaka adhana ilikuwa imefika mpaka kilimani. Na bila shaka mambo yalikuwa yamejimaliza yenyewe. Mzee amekunywa, sukari itapanda, hatafunga tena kwa kuwa hataadhini tena. Siri iko palepale. Ngano inaendelea kujaa. Kilichopotea ni jina la mtu mmoja tu, mzee mgonjwa, ambaye kesho watoto watamwonyesha kidole kwamba ndiye aliyeona usiku mchana. Ni kukaa kimya tu. Kimya alikizoea.

Hakuweza. Alisukuma watu akapita.

"Ustadhi, naomba hiyo fimbo ya baba," alisema. Aliisimamisha katikati ya uwanja, Zuhura akajikuta anaishikilia bila kujua kwa nini. Mwajabu aliweka kokoto. "Baba hajawehuka. Mimi ndiye niliyemwambia, na mimi ndiye ninayewasha kile mnachokiona pale. Si jua. Jua limezama, baba amewaita kwa wakati wake. Siku nyingine zote mlizofunga mwezi huu mmepitiliza, kwa sababu yangu."

"Na huyu naye!" sauti ilisema.

"Msiniamini. Kaeni mkitazame kivuli hiki. Kama lile ni jua, kitarefuka."

Waliketi. Wengine waliketi kwa udadisi, wengine kwa sababu magoti hayakuwataka. Uwanja mzima ulikuwa unakodolea kokoto moja. Mtoto aliuliza kitu, akafunikwa mdomo. Mwanga ulikuwa mweupe, mtulivu, na kadiri walivyoendelea kukaa ndivyo utulivu ule ulivyozidi kutisha. Vivuli vyao wenyewe vilikuwa vimelala chini, vyote vimeelekea upande mmoja, na watu walianza kuvitazama, kila mtu chake. Hakuna kilichosogea.

"Ndiyo maana," alisema Zuhura ghafla, bado ameshika fimbo. "Ndiyo maana ng'ombe wangu! Mimi nawapiga, kumbe wanyama wa watu wako sawa!" Akaanza kulia.

Hapo kelele ziliibuka. Walimwita mwongo, walimwita mwizi, na Mwajabu aliyapokea yote kwa sababu yote yalikuwa yake. "Nililala macho nikidhani ninakufa," mwanamume mmoja alimfokea karibu na uso. "Nilikwenda kwa daktari nikamwambia usiku haunitoshi, akanipa dawa!" Wengine walikuwa wamekwisha simama, wanaita watoto wao. Mwajabu aliijua ile namna ya kuita watoto. Aliisikia Isele.

"Nisikilizeni, halafu mkimbie kama mnataka!" alipiga kelele. "Mwanga ule ndio unaojaza punje zenu. Kuna bonde tuliwaambia ukweli, wakaacha mashamba. Niliwazika. Sikutaka kuwazika ninyi, ndiyo maana nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kumewala pia." Aliinua simu, iliyokuwa bado inatetemeka. "Nikisema neno moja hapa, kituo kinakifunga Kioo, giza linaingia. Lakini ngano itabaki hivi ilivyo, nusu. Sitaamua tena kwa niaba yenu. Semeni."

Walitazama doa, wakatazama bondeni, ambako ngano ilikuwa imesimama katika mwanga ule wa wizi, nzuri kuliko walivyowahi kuiona. Waliokuwa wamesimama hawakuketi, lakini hawakuondoka. Simu ilinyamaza, ikaanza upya.

Ustadhi Mrisho alikuwa bado amechuchumaa mbele ya mwadhini wake. Alikitazama kivuli kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akarudi kumshika mzee mkono.

"Mzee wangu," alisema, "umekwisha adhini?"

"Nimekwisha adhini, Ustadhi."

"Basi tumechelewa." Alijipapasa, akatoa tende mfukoni, akaipasua. Aliitia mdomoni katikati ya mwanga, mbele ya macho ya watu wote. "Hilo swali ni zito, na mimi nina njaa. Kwanza tufuturu."

Hakuna aliyesogea, mpaka mzee Ngoda alipoketi kwa kishindo kando ya rafiki yake na kumnyang'anya kikombe. Ndipo sinia la kwanza la mihogo lilipotoka, na la pili, na watu wakala wakiwa wamekunja uso, wakilitazama doa kwa hasira kati ya tonge na tonge, wakibishana tayari kuhusu ngano.

Mwajabu alibaki amesimama kando ya fimbo, hajui kama ana haki ya kuketi. Baba yake alimwita kwa kidole. Kila jioni ya mwezi ule, kwenye futari, mzee alikuwa akimuuliza neno lile lile, naye akimjibu uongo ule ule.

"Umefungua?"

"Bado, baba," alisema, na leo ilikuwa kweli.

Mzee Swalehe aliigawa tende yake, akampa nusu.